AC haipozi na waranti bado ipo: hatua kwa hatua mpaka itengenezwe au ubadilishiwe

Joto la Dar likianza kupanda mwezi Desemba, napokea swali lile lile mpaka Machi: "Kaka, AC ina miezi mitano tu, imeanza kupuliza hewa ya moto, dukani wananiruka. Nifanyeje?" Nami huuliza kitu kimoja kwanza: kuna fundi aliyeshaifungua? Karibu wote hujibu ndiyo, alikuja wa mtaani akaongeza gesi kidogo. Hapo duka limeshapata la kusema.

Mimi mwenyewe nimeshaumia hivyo hivyo. AC yangu ya sebuleni, BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza), iliacha kupoza ikiwa na miezi minne. Fundi wa jirani akaja na mtungi wake, akaongeza gesi, ikapoza wiki tatu, ikarudi kule kule. Nilipokwenda dukani, kijana wa kaunta alichukua simu yangu, akaikuza picha ya uniti ya nje, akasema: "Bosi, hivi vifuniko vya valvu vimeshapigwa spana. Hii waranti imekufa." Nikaenda kuisoma kadi. Kweli, imeandikwa. AC ya chumbani ilipoharibika baadaye, nilifuata mpangilio ulioko hapa chini na nikafungiwa koili mpya (zile bomba nyembamba zilizokunjwa ambamo gesi hupita) bila kutoa hata mia.

Mpangilio ndio wenyewe. Hatua ya tatu ikitangulia ya pili, umejifunga goli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapiga simu

- Risiti ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi. Ile ya kuandikwa kwa kalamu haitoshi kubishania. Karatasi ya EFD hufifia. Ikikaa mwaka mmoja kwenye pochi inabaki nyeupe. Ipige picha leo, kabla hujamaliza kusoma.
- Kadi ya waranti yenye muhuri, tarehe ya kuuziwa na namba za mashine. Kama duka liliacha nafasi hizo wazi, warudie wazijaze AC ikiwa bado nzima. Ikishaharibika hawajazi.
- Picha za vibandiko viwili vyenye serial namba: cha uniti ya ndani na cha uniti ya nje. Namba zake ni tofauti. Kibandiko cha nje kinaonyesha pia aina ya gesi (R410A, R32 au R22 kwa za zamani) na uzito wake kwa gramu.
- Jina na simu ya fundi aliyefunga, na risiti yake kama alikupa. Utaona umuhimu wake kwenye hatua ya nne.
- Kipimajoto cha kidijitali, hata kile cha bei rahisi cha ukutani.
- Tochi, daftari, na simu yenye nafasi ya kuchukua video.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ubovu, siyo uchafu wala rimoti

Kampuni nyingi zikimtuma fundi akakuta filta imejaa vumbi, ataandika "uchafu, haihusiki na waranti" na huenda ukalipia safari yake. Hiyo karatasi itatumika dhidi yako hata ubovu wa kweli ukija kujitokeza. Kwa hiyo wewe ndiye uanze.

Weka rimoti kwenye alama ya theluji. Alama ya tone la maji ni ya kukausha unyevu, na ile ya feni haipozi kabisa. Watoto wakichezea rimoti ndipo inapohamia. Shusha mpaka 16 au 18, feni iwe juu kabisa, funga milango na madirisha.

Fungua kifuniko cha uniti ya ndani, toa filta, zioshe kwa maji ya kawaida, zikauke kivulini. Hilo ni la mtumiaji, halivunji waranti. Kisha nenda nje: feni ya nje inazunguka? Kuna nguo, majani au mabati yaliyoiziba?

Ukikuta barafu kwenye koili ya ndani, zima AC na uiache iyeyuke yenyewe, saa mbili au tatu. Usiichokoe kwa kisu wala bisibisi. Bomba za koili ni nyembamba, ukizitoboa umejitengenezea kosa ambalo hakuna atakayelibeba ila wewe.

Sasa pima. Washa kwa dakika 15 hadi 20. Weka kipimajoto pale hewa inapoingilia, juu ya uniti ya ndani, andika. Kisha kishike pale hewa inapotokea, andika. AC nzima ya nyumbani huonyesha tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 hivi, au zaidi. Ikiingia 30 na kutoka 20, mashine inafanya kazi. Tatizo lako ni kitu kingine.

Mara nyingi kitu hicho ni ukubwa wa chumba. BTU 9,000 kwenye sebule ya bati bila dari nzuri, yenye vioo upande wa jua la jioni, haitapoza hata ingekuwa imetoka kiwandani jana. Usiende kugombana na duka kwa hilo.

Umefaulu hatua hii ikiwa filta ni safi, rimoti iko sawa, feni ya nje ina nafasi, na bado tofauti ni nyuzi 3 au 4 tu, au hewa inatoka kama ilivyoingia.

## Hatua ya 2: Kusanya ushahidi kabla bisibisi haijagusa

Piga video moja isiyokatwa, dakika mbili au tatu. Anza na rimoti ili namba zionekane, nenda kwenye kipimajoto, kisha tembea mpaka uniti ya nje. Sema tarehe na saa kwa sauti. Kama kwenye uniti ya ndani kuna herufi na namba zinamulika, E1, F0 au vyovyote, zichukue kwa karibu. Maana yake hutofautiana kwa kila kampuni, hivyo usihangaike kuzitafsiri, wao wanazijua.

Kisha piga picha za karibu za uniti ya nje, pale bomba mbili za shaba zinapoingilia. Utaona nati mbili za shaba na vifuniko vya valvu. Ziangalie kwa tochi. Kama ukingo wa nati una unyevunyevu wa mafuta ulioshika vumbi, mweusi, kama sehemu ya chini ya baiskeli karibu na mnyororo, hapo gesi inavuja. Ndani ya mfumo gesi hutembea na mafuta ya kompresa (pampu inayoisukuma gesi), na inapotorokea huacha alama. Picha hiyo moja inaweza kukumalizia kesi.

Picha hizo pia zinaonyesha kuwa vifuniko havina makovu ya spana. Mimi hilo ndilo lililoniponza mara ya kwanza.

Onyo kubwa la mwongozo huu wote: usimruhusu fundi wa mtaani aongeze gesi AC ikiwa kwenye waranti. Atakwambia, "Bosi, gesi imeisha." Lakini AC haili gesi kama jiko. Gesi huzunguka humo humo miaka yote. Ikipungua, kuna mahali inatokea. Kuongeza bila kuziba ni kujaza maji ndoo iliyotoboka. Tena akija na R22 akaiingiza kwenye mashine ya R410A au R32, anaweza kuua kompresa kabisa. Na R32 inaweza kushika moto, hivyo mtu anayekuja kuchomelea bomba yenye gesi ndani hafai kuingia kwako, waranti iwepo isiwepo.

## Hatua ya 3: Toa taarifa kwa maandishi, siku hiyo hiyo

Piga simu, sawa, lakini simu haiachi kitu. Baada yake tuma ujumbe wa WhatsApp kwa namba ya duka na barua pepe kama ipo kwenye kadi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe kama huo kutumika kama ushahidi mahakamani. Usiufute, na usibaki na picha ya skrini peke yake ukapoteza simu yenyewe.

Andika kifupi, bila matusi na bila hadithi:

> Habari. Nilinunua kwenu AC ya BTU 12,000 tarehe ____, risiti namba ____. Serial ya ndani ____, ya nje ____. Tangu tarehe ____ haipozi: hewa inaingia nyuzi 30, inatoka 27, filta ni safi. Haijafunguliwa na fundi yeyote tangu ilipofungwa. Naomba fundi wenu aje kuikagua chini ya waranti, na naomba namba ya kazi. Nimeambatanisha risiti, kadi na video.

Sentensi ya "haijafunguliwa na fundi yeyote" iandike tu kama ni kweli. Kama fundi alishaigusa, sema ukweli, taja alichofanya na lini. Uongo ukigundulika unaua na yale ya kweli.

Kwa nini siku hiyo hiyo? Kinachoangaliwa ni lini uliwaarifu. Waranti ikiisha Ijumaa na wewe umetuma Alhamisi, uko ndani. Ukisubiri mwisho wa mwezi kwa sababu "bado inapoza kidogo," uko nje.

Umefaulu ikiwa una jibu lao lenye tarehe, au angalau ujumbe wako umeonekana umefika.

## Hatua ya 4: Fundi wa kampuni akija

Hapa ndipo kesi inaposhindwa au kushinda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwepo nyumbani. Usimwachie dada wa kazi, si kwa sababu hana akili, ila kwa sababu ataambiwa "mwambie bosi ni umeme" na ataishia hapo. Mkaribishe fundi maji, zungumza naye vizuri. Huyu siye aliyekuuzia, na karatasi atakayoandika ni ya thamani kuliko hasira yako. Mwombe kwa upole aandike namba: umeme aliokuta, presha ya gesi kwenye geji, ampia za kompresa, na mahali hasa palipo na hitilafu. "AC mbovu" au "gesi imepungua" siyo ripoti. Gesi imepungua kwa kupitia wapi?

Majibu yake yatakuwa moja ya haya manne.

Inavuja kwenye nati. Atapaka povu la sabuni na mapovu yatafura. Hili ni kosa la ufungaji: bomba ilitanuliwa vibaya mdomoni, au nati ilikazwa kupita kiasi ikapasuka, au haikukazwa vya kutosha. Mwenye kubeba ni aliyefunga. Kama alitumwa na duka na gharama ya kufunga iko kwenye risiti yao, ni mzigo wa duka. Kama ulimtafuta mwenyewe ili kuokoa fedha, mrudie yeye. Ndiyo maana nilikwambia utunze jina lake.

Inavuja kwenye koili. Hapo ni kiwanda, isipokuwa kama koili imegongwa au imeliwa na kutu. Wakazi wa Kigamboni, Mbezi Beach, Mombasa na Zanzibar wajue: hewa ya chumvi hula koili, na kadi nyingi za waranti zinatenga kutu. Koili ya mashine ya miezi mitano, safi, isiyo na kovu, ikivuja ni mali mbovu. Usikubali kuambiwa "bahari" kwa nyumba iliyoko Kimara.

Kompresa imekufa. Kwanza uliza kama amepima kapasita, kile kipuri kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza. Kwenye AC za kawaida zisizo inverter (yaani zisizobadili kasi ya kompresa), kapasita ikifa kompresa huunguruma sekunde chache kisha inazima, na mtu mvivu huiandikia kifo. Kapasita ni kitu kidogo sana cha bei. Kama kompresa kweli imekufa, soma kadi: kampuni nyingi hutoa mwaka mmoja kwa vipuri vyote na miaka mitano au zaidi kwa kompresa, lakini hiyo ya miaka mingi mara nyingi ni kompresa yenyewe tu. Gesi, kazi ya fundi na usafiri ni juu yako. Uliza bei yake kabla hajaanza kufungua.

Ni umeme. Hili ndilo jibu pendwa, maana nani atasema umeme wetu hauyumbi? Usibishe. Omba uonyeshwe. Umeme mkubwa ukiingia ghafla, kwenye bodi huacha alama: fyuzi imekatika, na kile kidude cha duara, mara nyingi cha bluu, kilichokaa karibu na fyuzi kimepasuka au kimeungua. Piga picha ya bodi. Fyuzi nzima na kidude kizima hufanya hadithi ya umeme iwe dhaifu sana. Kama una kifaa cha kukinga AC, kionyeshe, na kionekane kwenye picha. Kama huna, nunua kwa ajili ya inayofuata. Baadhi ya kadi zinakitaja kama sharti.

Alama za kuungua zikiwepo na umeme uliharibu vitu mtaa mzima siku ile, dai lako huenda si la duka tena. Peleka taarifa kwa shirika la umeme ukiwa na ripoti ya fundi na majirani wenye malalamiko kama yako. Wasiporidhisha, kuna EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Onyo: usisaini karatasi usiyoisoma. Kama amemwandikia mteja kosa ambalo hulikubali, andika kwa mkono wako kando ya saini: "Nimepokea ripoti, sikubaliani na sababu iliyotajwa." Kisha ipige picha kabla hajaondoka nayo.

## Hatua ya 5: Isome kadi kwa jicho la mbishi

Tafuta mambo matatu: muda kwa kila kipuri, masharti ya sevisi (baadhi wanataka kila miezi mitatu au sita, na uthibitisho), na nani anaruhusiwa kufunga. Kama ulikosa sevisi moja na tatizo ni koili iliyotoboka, waulize sevisi hiyo ingezuiaje tundu. Mara nyingi hawana jibu.

Na yale maandishi ya ukutani au chini ya risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi," yasikutishe. Sheria ya Ushindani Namba 8 ya 2003 inamlinda mlaji, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji akupe mali inayofaa kwa kazi yake. AC isiyopoza haifai kwa kazi yake.

## Hatua ya 6: Barua ya madai

Ukizungushwa zaidi ya wiki mbili kwa "kesho," "meneja amesafiri," "kipuri kiko njiani," acha kupiga simu. Andika barua, chapa nakala mbili, peleka mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikataa kugonga, tuma kwa barua pepe na WhatsApp pia.

> YAH: MADAI YA WARANTI, AC SERIAL NAMBA ____
>
> Tarehe ____ niliwaarifu kuwa AC tajwa haipozi. Tarehe ____ fundi wenu aliikagua na kuandika kuwa koili ya ndani inavuja (ripoti imeambatanishwa). Mpaka leo haijatengenezwa.
>
> Naomba ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii mfanye moja kati ya haya: kubadilisha koili bila malipo ikiwa pamoja na gesi na kazi, au kunibadilishia mashine, au kunirudishia fedha, shilingi ____.
>
> Muda huo ukipita nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani.

Mambo matatu, tarehe ya mwisho, basi. Barua ya kurasa nne za uchungu haisomwi. Nimeshaona duka lililokaa kimya mwezi mzima likipiga simu saa tatu baada ya kugonga muhuri, kwa sababu sasa barua iko mezani kwa mwenye duka, haiko tena kwenye simu ya kijana wa kaunta.

## Hatua ya 7: Wasipotikisika

Bara, peleka lalamiko Tume ya Ushindani (FCC) ukiwa na faili moja: risiti, kadi, ujumbe, ripoti, barua yenye muhuri, vipangwe kwa tarehe. Zanzibar ina tume yake. Kwa kudai fedha zako, Mahakama ya Mwanzo husikiliza kwa Kiswahili na unaweza kwenda mwenyewe.

Walioko Kenya wana njia nzuri zaidi hapa, nakiri kwa wivu. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, huna haja ya wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Ongezea Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012.

## Hatua ya 8: Kupokea kazi

Watu hushinda halafu hupoteza hapa, kwa furaha. Fundi akibadilisha koili au kompresa, lazima avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu kabla ya kuachia gesi. Hewa na unyevu vikibaki ndani, kompresa itachoka mapema. Ukimwona "anapuliza" bomba kwa gesi kidogo na kufunga nati, msimamishe, mwulize pampu iko wapi. Gesi ipimwe kwa mizani kufuata gramu za kwenye kibandiko, siyo kwa kukisia. Hasa R410A, ambayo ni mchanganyiko, ikivuja inatakiwa iliyobaki itolewe na ijazwe upya.

Omba kipuri cha zamani ukione. Omba tarehe ya kipuri kipya iandikwe kwenye kadi, na waranti yake ni ya muda gani.

Kisha rudia kipimo cha hatua ya kwanza, yeye akiwa hapo. Wa kwangu alikuwa na haraka, ameshakunja nyaya, pikipiki inamsubiri getini. Nikampa kiti. Baada ya dakika 20 nikaandika kwenye karatasi yake: "Imepokelewa, inaingia 29, inatoka 17, saa 10 na robo jioni." Ndipo nikasaini.